Shimo Nililochimba Vibaya Old Korogwe

Haya jamani, mlioko kule nyuma sogeeni mbele, sauti yangu nyingi imebaki mashimoni. Wakubwa zangu wachache mliopo, shikamooni. Nyie wengine marahaba, hata kama hamjaamkia. Neema, katibu wetu, kalamu iko tayari? Andika ninavyosema, usininyooshe. Mimi shule niliipitia dirishani. Nikaona watoto wamekaa kimya mstari mzima kama wamefiwa, nikasema hapa si pangu, nikaenda kuwinda kanga.

Mnasema nimestaafu. Mimi sijastaafu, magoti ndiyo yamestaafu, mimi nayafuata tu kwa sababu tunakaa pamoja. Mmeniomba niwaachie maneno ya kazi nyie wachimba vyoo mnaobaki. Habari za vyeo sina. Kazi nyingine mtu anaanza chini anapanda juu. Sisi tunaanza juu, na ukiwa hodari sana huonekani kabisa.

Basi. Siku yangu ya kwanza ilikuwa Handeni, pale Chanika, nyuma ya nyumba ya mwalimu. Bosi wangu alikuwa Mzee Liponda, Mmakonde, mtu wa kambi ya mkonge kama sisi. Babu yangu mimi alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge, akamwambia bibi anakaa msimu mmoja. Mpaka leo ukoo mzima tunasubiri msimu uishe. Liponda alikuwa na mkono, akikusalimia unabaki unahesabu vidole. Akanipa sururu, akachora duara chini kwa kisigino.

"Chimba."

"Mpaka wapi, mzee?"

"Mpaka nikwambie."

Halafu akaenda kunywa chai, akapitiwa na usingizi. Mimi nikachimba. Hakuna wa kuniambia basi, na mimi nilikuwa mgeni, naogopa kuuliza. Alipoamka akachungulia, akaona giza, akaita, "Futi ngapi huko?" Nikamwambia sijui futi, lakini nasikia watu wa upande wa pili wa dunia wanapiga mswaki. Ndiyo nikaitwa Futi. Jina nililopewa na mama yangu hata mke wangu kalisahau.

Sasa udongo wa Handeni mnaujua. Mwekundu, mkavu, mgumu kama roho ya mama mkwe. Shimo linasimama lenyewe kama chupa, huhitaji tofali. Unashuka futi thelathini, umepata vumbi tu. Handeni mchimba choo akikuta maji, kijiji kinachinja mbuzi. Kwa hiyo wakubwa wa kule wakijenga nyumba wanashindana kina. Huyu ana choo futi ishirini, yule naye anataka ishirini na tano. Nimewahi kuona wazee wawili wananuniana mwaka mzima kwa sababu ya futi tatu ambazo hakuna hata mmoja angeenda kuziangalia.

Liponda alinifundisha mambo matatu, na nyie nawapa bure.

La kwanza, taa. Shimo la zamani usiingie kwa sababu una haraka au kwa sababu mwenye nyumba amesimama hapo anaangalia saa. Funga koroboi kwenye kamba ya katani, ishushe taratibu mpaka chini. Ikiwaka, subiri kidogo, ishushe tena. Ikizima, kunja kamba, nenda nyumbani, rudi kesho. "Taa ikizima na wewe utazima," alisema, "tofauti ni kwamba taa unaiwasha tena." Kwenye hili sitii chumvi. Nawajua wawili waliocheka taa. Sitaki kuwataja, wake zao wapo.

La pili, kamba. Kamba yako mwenyewe, ya katani, uliyoikagua mwenyewe asubuhi ile, siyo ya kuazima. Mtu anayekuazima kamba hashuki nayo yeye. Glavu na mabuti yenu ya siku hizi mazuri, mnapendeza kama madaktari. Sisi tulikuwa na kaptura moja ya kazi, na mke wangu alikuwa anaipokea kwa fimbo. Tukienda kutapisha choo kilichojaa, yaani unachimba shimo la pili pembeni halafu unatoboa ukuta ili la kwanza limwagikie la pili, tulikuwa tunamwaga mafuta ya taa kupunguza harufu. Ilibaki ileile, ila ikawa na mafuta ya taa.

La tatu ndilo lililonishinda. Liponda alisema, "Mwenye nyumba anaijua nyumba, wewe unaujua udongo. Akikwambia habari za nyumba, itika. Akikwambia habari za udongo, kataa, hata akiwa shehe, hata akiwa padri." Nikaitikia, "Ndiyo, mzee." Kuitikia ni rahisi.

Nikaoa mwanamke wa Kisambaa wa Lutindi, akasema yeye Handeni hakai, hakuna maji ya kuoga hata paka. Tukahamia Old Korogwe, kule mtoni. Nikashangaa. Futi tano, sita, maji haya hapa. Chimba masika, unakuta kambale amekutangulia. Kule ukitaka choo kizuri unachimba kifupi, kipana, upande ulioinuka, unajenga tofali, unanyanyua juu kidogo. Nilijifunza kwa aibu, lakini nilijifunza.

Ndipo akaja Mzee Sekwao.

Sekwao ni Mzigua wa Handeni, mfanyabiashara wa mahindi, mtu mkubwa, tumbo linafika dakika tano kabla yake. Alikuja Old Korogwe kujenga nyumba ya kupangisha, vyumba ishirini na viwili. Alisema ghorofa, akaacha nondo zimesimama juu ya paa kusubiri hiyo ghorofa. Mpaka leo zinaanikiwa nguo. Lakini nyumba inaitwa Ghorofa, na ukisema si ghorofa wapangaji wanakasirika.

Akanitaka nichimbe choo. Kwa nyuma, upande wa bondeni, futi ishirini. Nikamwambia, "Mzee, hapa futi sita ni maji. Tuchimbe mbele, pale palipoinuka, kifupi na kipana."

"Mbele nitaweka fremu za maduka," akasema. "Na wewe Mnyamwezi kazi yako ni kubeba mzigo. Mambo ya kichwa tuachie wenyewe."

Sisi ni watani, mnajua. Wanyamwezi na Wazigua tangu zamani tunatukanana bila deni. Nikamjibu, "Kichwa chenu kingekuwa na kitu msingejenga makao mahali pasipo maji." Tukacheka, tukashikana mikono, na mimi kwa ule utamu wa utani nikamsahau Liponda. Nikachimba. Futi ya sita maji haya hapa. Nikamwita. Akachungulia, akasema endelea, shimo la futi sita ni aibu, watu wa Handeni wakisikia nitawaambia nini? Tukaendelea. Wawili wanachota, mmoja anachimba, mto unarudisha. Futi za mwisho nilikuwa napumua kama kiboko, nikizama, nikiibuka, watu wa mtaani wanakuja kuangalia. Tulipofika kumi na moja Sekwao mwenyewe akasema inatosha, atawaambia ni ishirini.

Kwa hiyo mkisikia habari za choo cha Ghorofa, aliyekichimba amesimama mbele yenu.

Masika ya kwanza kilijaa kabla mpangaji wa kwanza hajahamia. Baadaye wakaingia watu sitini. Ikawa kila mvua kinafurika, uchafu unatoka nyuma ya nyumba, unafuata mteremko kama mtu anayejua anapokwenda, unapita mlangoni kwa Mama Stumai. Mbu wa pale walinenepa mpaka wakawa wanatembea kwa miguu. Harufu haikuwa inapita tu, ilikuwa inabisha hodi, inakaa, inauliza habari za watoto.

Mama Stumai ni mjane. Ana mgahawa wa mabati hapo bondeni, wali maharage, perege wa kukaanga, chai. Amesomesha watoto watatu kwa sufuria moja, na wa mwisho bado yuko shule. Hana shamba, hana ndugu wa kukimbilia. Ana ule mgahawa.

Wapangaji na majirani wakaunda kamati. Nikaitwa kama mtaalamu, yaani mkosaji. Tukaandika barua ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote tukampa Hoza, msimamizi wa nyumba. Hoza ni mtu mpole sana, jibu lake ni moja: "Nimemfikishia." Ukimwambia nyumba inaungua, atakwambia nimemfikishia. Tukapiga simu Handeni. Sekwao hapokei namba anazozijua, anapokea ngeni tu. Tukazunguka mtaa mzima kuazima simu, mpaka hakuna tena namba ngeni Old Korogwe. Aliyefanikiwa kuongea naye aliambiwa, "Tutaangalia."

Halafu akaja bwana afya. Kijana mstaarabu, begi kwapani, anaamkia kila mtu. Akasimama kwenye ule mfereji wa uchafu, akaufuata kwa macho kutoka Ghorofa mpaka mlangoni kwa Mama Stumai, akatoa karatasi.

"Mama, nakupa siku saba. Siku ya saba nikikuta uchafu hapa, nafunga mgahawa."

"Baba, huu uchafu si wangu," Mama Stumai akamwambia. "Umetoka kule juu, umeona mwenyewe."

"Nimeona, mama. Lakini mimi nafunga pale chakula kinapouzwa. Kule juu hakuna chakula."

"Mwenye kule juu si umwandikie na yeye?"

"Nimemwandikia. Nimempa msimamizi."

Hoza akaitikia kwa nyuma, "Nitamfikishia."

Jioni ile kamati ikakaa palepale mgahawani. Mmoja akasema tuchote ule uchafu tukamwage mlangoni kwa Sekwao Handeni. Tukamuuliza utapanda nao basi gani, akakaa. Mwingine akasema twende mahakamani. Nikamwambia siku saba mahakamani ni muda wa kutafuta benchi la kukalia. Mama Stumai alikuwa pembeni. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, uleule uliokwisha kuchambuliwa, anauchambua tena.

Kulikuwa na bibi mmoja mpangaji, Bibi Mwanaidi, chumba cha kwanza. Meno yamebaki mawili lakini yote yanauma. Akasema, "Nyie mnahangaika kumwita Sekwao kwa barua. Alipokufa yule Mpare wa chumba cha tisa, Sekwao alifika hapa kabla maiti haijaoshwa. Yule haitwi na choo, yule anaitwa na msiba."

Na kweli. Sekwao misiba haimpiti. Ana kanzu maalumu ya misiba, inakaa kwenye gari. Mtu anayetaka kuheshimika huku kwetu anaweza kukosa harusi kumi, asikose msiba mmoja, sembuse msiba nyumbani kwake.

Mwanamume mmoja akasema, "Sasa tumuue nani?"

"Wewe unafaa," Bibi Mwanaidi akamwambia, "lakini hakuna atakayelia."

Mimi nikasema hafi mtu na hadanganywi mtu. Kutangaza kifo cha uongo ni laana, hata mtani hagusi. Sisi tutatandika mikeka tu. Tutafunga turubai, tutawasha moto, akina mama wajifunge khanga kiunoni, wanaume tukae tucheze bao tukiwa tumenyamaza. Nani kasema kukaa mkekani ni uongo? Na mimi mtani wake nitatangulia mbele. Akikasirika, anikasirikie mimi. Mzigua akimkasirikia Mnyamwezi kwa ajili ya utani, kwao watamcheka mpaka wajukuu.

Mama Stumai akanyanyua macho kwenye ungo. "Na asipokuja, Mzee Futi?"

Nikamwambia atakuja. Ndani ya moyo nikasema, asipokuja nimemchimbia na huyu mama shimo la pili.

Siku ya saba alfajiri tukatandika. Turubai alituazima Mhindi wa duka la vifaa, hakuuliza hata nani, msibani huulizi mlangoni. Tukalifunga mbele ya Ghorofa, pale palipoinuka, kwenye ule uwanja wa fremu. Na hapo ndipo nikachora duara kwa kisigino, pana, la choo kipya. Nikashika sururu.

Kufika saa mbili tuna watu arobaini. Saa tatu sijui. Sabini, mia, mimi nikihesabu naongeza. Mnajua desturi yetu: mtu akiona turubai anavua kofia, anakaa, analia kwanza, habari ya nani anauliza baadaye. Na kwenye kaburi hakuna mwanaume anayekataa chepe. Mtaa ule nilikuwa nimeomba watu wa kuchimba choo mwaka mzima, kila mtu mgongo unamuuma. Siku ile migongo yote ilipona. Wanaingia wawili wawili, wanachimba kwa adabu, wanapokezana, hawasemi kitu. Mmoja tu, alipoona upana, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee Futi, marehemu alikuwa mnene?"

Nikamwambia, "Alikuwa wa watu wengi."

Akatikisa kichwa, akaendelea.

Akapita mama mmoja wa Mkumbara, ameshuka basi na mkungu wake wa ndizi kwenda sokoni. Akaona turubai, akatua mkungu, akaangua kilio. Jamani, alilia yule mama. Alilia mpaka na sisi tunaojua hakuna aliyekufa tukaanza kufuta macho. Akina mama wakampokea, wakamkalisha, akampa Mama Stumai mkungu wote upikwe. Kila akitaka kuuliza, Bibi Mwanaidi anamwambia, "Pumzika kwanza, mwanangu, unywe chai."

Mwenyekiti wa mtaa akaja na daftari lake.

"Poleni jamani. Jina la marehemu?"

"Mwenyekiti," nikamwambia, "hakuna aliyesema kuna marehemu."

"Turubai la nini?"

"Jua kali."

"Masufuria?"

"Watu wana njaa."

"Na yule mama anayelia pale?"

"Hata sisi tunamshangaa."

Akaangalia shimo. Akaangalia mfereji wa uchafu unavyoteremka kwa Mama Stumai. Mwenyekiti si mjinga. Akafunga daftari, akavua viatu, akakaa mkekani. "Mimi sijaona kitu," akasema. "Nani anacheza bao hapa?"

Hatukupiga simu hata moja. Kondakta wa kosta ya Handeni alipita saa tatu, akaona turubai Ghorofa, basi. Habari ilipofika Mkata maiti ilikuwa moja. Ilipofika Handeni zilikuwa tatu na ukuta umeanguka.

Saa saba kasoro gari likasimama. Akashuka Sekwao ndani ya ile kanzu, na wazee watatu wa kwao, na gunia la mchele. Alianza kulia barabarani. "Jamani watu wangu, jamani watu wangu." Nawaambia ukweli, roho iliniuma kidogo. Sikujua kama alikuwa anatuita watu wake hata siku moja. Akaja moja kwa moja kwenye shimo, kama mwenye msiba anavyotakiwa. Mimi nilikuwa ndani, futi nne, kavu kabisa. Nikatoka, nikamshikisha chepe. Akakunja kanzu, akateremka. Akatoa la kwanza, la pili, la tatu, machozi yanatoka na jasho linatoka, watu wanasema, "Mwenyezi Mungu akupe nguvu, mzee."

La nne akasimama. Akanusa. Upepo ulikuwa umegeuka, unatoka nyuma ya nyumba.

"Mnyamwezi," akaniita taratibu.

"Naam, mtani."

"Nani amekufa?"

"Bado hajafa mtu. Tumeona tukukaribishe mapema."

Bao likasimama. Akaangalia lile duara, akaangalia lilipo, pale palipoinuka, na nadhani hapo akalitambua. Uso ukavimba. Akasema kwa sauti kubwa tutaondoka wote, vyumba vyote ishirini na viwili, leo hii, na Hoza wa kwanza. Hoza akasema nimefikisha, mzee, mimi nilikuwa nafikisha. Na mimi, akasema, atanifikisha polisi. Nikaona Mama Stumai amesimama na upawa mkononi, hapakui.

Mmoja wa wale wazee wa Handeni alikuwa amekaa ukingoni mwa shimo. Akamuuliza Sekwao, "Mgosi, choo chako cha futi ishirini kinafurika?"

Sekwao akajifuta jasho kwa mkono wa kanzu.

"Ni futi kumi na moja," nikasema. "Nilichimba mimi. Na aliyekosea ni mimi, nilijua udongo nikakubali. Leo nimekuja kuzika kosa langu, mtani, na huku kwetu mtu hazikwi bila mwenye nyumba."

Yule mzee alianza kucheka. Alicheka kwa tumbo, bila sauti, mabega tu yanaruka. Wenzake wakadakia. Mmoja akasema, "Kumi na moja," akajipiga gotini, akashindwa kuendelea. Sekwao yuko shimoni, kanzu nyeupe imekuwa nyekundu, anawaangalia watu wa kwao wanavyomcheka, na mimi nimemfungulia mlango wa kukasirika lakini utani umekaa mlangoni. Angeweza kutoka. Akaweka mguu mmoja ukingoni.

Ndiyo bwana afya akatokea, begi kwapani, kufuli jipya mkononi. Akaona turubai, akalificha kufuli mfukoni haraka, akavua kofia. Akasogea, "Poleni, poleni." Akafika shimoni. Akamuuliza mwenyekiti, mwenyekiti akamnong'oneza, sijui alimwambia nini, yeye alikuwa hajaona kitu. Bwana afya akageuka kwa Sekwao, akainama, akampa mkono kule shimoni.

"Shikamoo, mzee. Wewe ndiye mwenye nyumba?"

"Marahaba. Ndiyo."

"Hongera sana. Nimefanya kazi hii wilaya nyingi, sijawahi kukuta mwenye nyumba anachimba choo kwa mikono yake, tena kwa kanzu. Nakuandika hapa. Shimo jipya, upande wa juu, mwenyewe yupo shimoni. Litakamilika lini?"

Sekwao alimwangalia bwana afya. Akawaangalia wazee wa Handeni, wote watatu wanamsubiri. Akaangalia zile fremu za maduka zilizokuwa kichwani mwake. Halafu akamwangalia Mama Stumai, ambaye alikuwa amesogea na sahani ya wali, amesimama ukingoni, anashikilia sahani kwa mikono miwili.

"Wiki hii," akasema Sekwao. "Tofali na saruji naleta kesho."

"Basi mgahawa sifungi," bwana afya akasema, akaandika. "Uchafu umepata mwenyewe."

Mama Stumai akashusha sahani pale ukingoni mwa shimo, akageuka haraka kwenda jikoni, na alikaa huko muda mrefu akikoroga sufuria ambalo tayari lilikuwa limeiva. Sekwao akala kulekule shimoni, amesimama. Alipomaliza akaninyooshea sahani, akasema, "Mnyamwezi, wali mzuri. Ulikuwa na haja gani ya kunitoa machozi?" Nikamwambia nilikuwa najaribu kuona kama Wazigua nao wana maji.

Choo kile kipo mpaka leo, futi nne na nusu, tofali juu, kikavu kama Handeni. Ndicho cha mwisho nilichochimba, magoti hayakutaka tena. Mkipita Old Korogwe ombeni mkione, waambieni mmetumwa na Futi.

Lakini siku ile haikuishia hapo. Watu wameshiba, mikeka inakunjwa, bwana afya anakula ndizi, ndipo yule mama wa Mkumbara akaja kunawa mikono karibu yangu. Macho yamevimba, sauti imekauka. Akaliangalia shimo, akawaangalia akina mama wanavyocheka, akamtaka Bibi Mwanaidi sasa amwambie ukweli, yeye alikuwa anamlilia nani tangu asubuhi. Bibi akamwambia, mwanangu, ulikuwa unalilia choo. Yule mama akakaa chini. Akafikiri. Halafu akasema, watu wote wakasikia:

"Kama siku hizi choo kinawekewa msiba, basi mimi nyumbani nina maiti ya tangu mwaka juzi, mnakuja lini kuzika?"